Adabu za Kuingia Msibani kwa Studebaker

Ukikaa Marekani muda wa kutosha, hasa majimbo ya kati kama Indiana, Ohio au Michigan, ipo Jumamosi moja jirani yako mzee atakuita kwa kidole. Usimkatalie. Ni mtu mwema, ndiye aliyekuazima beleshi la theluji mwaka wako wa kwanza. Atanyanyua mlango wa gereji, harufu ya petroli iliyolala na mpira mkuukuu itakupiga usoni, na katikati utaona kitu kikubwa kimefunikwa shuka la kitandani, tena lile la maua. Atalishika shuka kwa ncha mbili na kulivuta polepole kuanzia nyuma, kama anayemfunua mgonjwa.

Akikuambia hii ni Ford, au hii ni Chevrolet, mwongozo huu haukuhusu. Sifia rangi, uliza inakunywa mafuta kiasi gani, urudi kwako ukamalizie kiporo. Lakini akisema "Studebaker", tafuta mahali pa kukaa. Umeingia msibani, na hutoki kabla ya chai.

Nasema msibani kwa kukusudia. Mwenye gari la kampuni iliyo hai hulisema gari lake kama mke mwenza: lina hili, lina lile, fundi kasema hivi, wakala kanidanganya vile. Studebaker ilikata roho mwezi Machi 1966, na marehemu hasemwi vibaya. Kila kasoro utakayoiona kwa macho yako imekwisha kugeuzwa sifa. Mafuta yaliyodondoka sakafuni ni dalili kwamba ndani bado yamo. Kutu ni umri. Na likikataa kuwaka, ni wewe hujui kuwasha.

Usidhani marehemu alisifiwa hivi akiwa hai. Mwaka 1908 kampuni ilianza kuuza magari ya Detroit yaliyoitwa E-M-F, herufi za mwanzo za majina ya waasisi watatu, Everitt, Metzger na Flanders. Wateja wakazipa herufi hizo maana yao: Every Morning Fix, yaani kila asubuhi, tengeneza. Ilipotoa gari lake jipya la 1947 baada ya vita, lenye kioo cha nyuma kilichozunguka hadi ubavuni, mtaani wakacheka kwamba hujui lile gari linakuja au linakwenda. Leo mtu huyohuyo aliyecheka, au mwanawe, analipaka nta gari lile kila mwezi wa tano na kukuambia hakuna Mmarekani aliyewahi kuchora kitu kizuri kama hicho.

Basi utasomewa wasifu. Usikatize, usitazame saa. Utaanza Februari 1852, katika mji wa South Bend, Indiana, ambako ndugu wawili, Henry na Clement Studebaker, walifungua karakana ya uhunzi wakiwa na dola 68. Hizo dola 68 utazisikia mara tatu kabla ya jua kutua, kwa hiyo ukizisikia mara ya kwanza onyesha mshangao, ya pili tikisa kichwa, ya tatu zitaje wewe mwenyewe, mzee atakupenda. Ndugu wa tatu, John, alikwenda California kutafuta dhahabu, akaona wachimbaji ni wengi kuliko dhahabu, akaanza kuwaundia matoroli huko Placerville. Mwaka 1858 alirudi nyumbani na dola 8,000, akanunua hisa ya Henry aliyetaka kwenda zake shambani. Ndipo karakana ikawa kiwanda. Magari ya kukokotwa na farasi yalitoka South Bend kwenda kwa wakulima, kwa walowezi waliohamia magharibi, na kwa jeshi la Lincoln katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Hapa pana shimo la kwanza. Katika makumbusho ya Studebaker kule South Bend kuna gari la farasi alilopanda Abraham Lincoln usiku ule wa Aprili 1865 alipokwenda kwenye ukumbi wa michezo wa Ford akapigwa risasi. Mgeni husema, "Kumbe Studebaker ndio walioliunda!" Hawakuliunda, walilinunua baadaye kwa ajili ya mkusanyiko wao. Na ule ukumbi hauhusiani na Ford wa magari. Ukichanganya yote mawili katika sentensi moja, mzee atasimama aende kuleta kitabu.

Gari lao la kwanza lisilo na farasi lilitoka mwaka 1902, na lilitumia umeme. La pili lilinunuliwa na Thomas Edison. Sehemu hii inasimuliwa polepole, kwa jicho la upande, hasa ikiwa kijana wa nyumba ya pili ameegesha gari la umeme uani. La petroli lilikuja 1904.

Kisha majina. Nakushauri unywe maji kwanza, maana hapa ndipo wageni huanza kucheka pasipotakiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Studebaker ilipanga magari yake kwa vyeo: juu kabisa Rais, katikati Kamanda, na chini yao, la bei nafuu, Dikteta. Ndivyo, Dikteta. Nia yao ilikuwa kwamba gari hilo ndilo lingewaamuru wengine kiwango cha kufuata. Sisi tuliotoka barani Afrika tunaweza kuwaeleza kwamba mpangilio huo wa vyeo si wa dunia hii; sijapata kuona dikteta aliyekubali kukaa chini ya rais na kamanda, kwa bei yoyote. Huko Ulaya, ambako Mussolini alikwisha shika nchi na Hitler yuko njiani, jina halikuuzika, likageuzwa Mkurugenzi. Marekani wenyewe walilivumilia hadi 1937. Katikati ya hayo walitoa gari lililoitwa Rockne, kwa heshima ya Knute Rockne, kocha wa mpira wa Kimarekani wa Notre Dame, chuo kilichopo hapohapo South Bend. Kocha alikufa katika ajali ya ndege Machi 1931, kabla gari halijafika sokoni. Waliendelea nalo hivyohivyo, na kufikia 1933 nalo likamfuata.

Lakini kuna jina moja nakusihi usilitaje wewe kwanza. Kwetu, tangu mkuu wa wilaya hadi daktari wa misheni, shangingi ni Land Cruiser, na Land Cruiser ni Toyota, mjadala umefungwa. Mzee akikuuliza kwa upole huko kwenu watu wanaendesha magari gani, jibu "mabasi". Maana ukisema Land Cruiser, ataweka kikombe chini. Studebaker ilitoa Land Cruiser yake mwaka 1934, sedani ya mgongo wa mviringo, na jina likaendelea kutumika South Bend hadi 1954. Toyota ililibandika jina hilo kwenye gari lake la porini mwaka huohuo wa 1954. Ni kweli tupu, na ndiyo maana ni hatari. Binafsi lilinigharimu jioni nzima. Nilikuwa nimekwenda kurudisha ngazi tu.

Wasifu ukiisha utaambiwa uingie ndani ujaribu. Ni heshima kubwa. Ni mtego pia. Tuseme gari lenyewe ni Champion ya mwishoni mwa miaka ya 1940, lile gari dogo jepesi lililoiokoa kampuni. Kiti ni kama sofa ya mjumbe wa nyumba kumi, usukani mpana kama ungo. Utazungusha ufunguo. Kimya. Utazungusha tena. Mzee hatasema neno, atakuwa amesimama dirishani akisubiri hilo kwa furaha yote aliyonayo. Swichi ya stata iko chini ya klachi. Unawasha kwa ufunguo, kisha unaikanyaga klachi mpaka sakafuni kabisa, pale mguu unapodhani safari imeisha, ndipo injini inakohoa na kuamka. Atakuambia kwamba kwa mpango huo huwezi kuwasha gari likiwa kwenye gia likakurukia ukutani, na ana haki. Hatakuambia ni wageni wangapi amewafanyia mchezo huo.

Mkifika kwenye mlima atakuamuru usimame katikati, ukanyage klachi na breki, kisha uondoe mguu kwenye breki. Moyo utakataa. Tii tu. Gari halirudi nyuma. Hiki ndicho wanachokiita Hill Holder, na Studebaker walikianzisha mwaka 1936. Ndani ya njia ya mafuta ya breki kuna kigololi. Gari likiinua pua, kigololi hubingirika na kuziba, breki zinabaki zimekamata maadamu klachi imekanyagwa. Ukiiachia klachi uondoke, breki zinajifungua. Kwetu kazi hiyo hufanywa na utingo mwenye jiwe. Sifa hii si ya msibani, ni ya haki. Hata mimi nimeikubali, na sikubali vitu ovyo.

Mengine yapime mwenyewe. Injini zao za V8, zilizoanza 1951, wenye magari wanaziapia: chuma kizito, zinadumu. Kwamba uzito huo wote uko mbele na unafanya usukani kuwa kazi ya mikono miwili na kifua, hilo utaligundua kwenye kona ya kwanza. Breki za magari mengi ya zamani ni za kufikiria mapema. Madigadi ya mbele huoza kwa juu, matope yanapojishika ndani na kukaa na unyevu, na majimbo haya humwaga chumvi barabarani kila baridi. Mzee mmoja alinionyesha digadi la gari lake, rangi safi kama yai, akaligonga kwa kidole. Badala ya mlio wa bati ukatoka mlio wa kitabu. Puti tupu. "Kazi nzuri, sio?" akaniuliza. Nikasema kazi nzuri.

Kuna Wagonaire ya 1963, gari la familia ambalo paa lake la nyuma huteleza kwenda mbele, ili uweze kubeba friji likiwa limesimama wima. Friji lilibebeka. Mvua nayo iliingia, bila friji na pamoja na friji, hadi kampuni ikaanza kuwauzia watu gari hilohilo likiwa na paa lisilofunguka. Ukikutana na mwenye nalo, muulize kama linavuja. Atasema kidogo tu, huku anaondoa taulo kitini ili ukae.

Na kuna Avanti. Hapa shusha sauti. Mwaka 1961 rais mpya wa kampuni, Sherwood Egbert, alimwita mchoraji maarufu Raymond Loewy na kumtaka gari la kufufua maiti. Loewy akawafungia vijana wake watatu kwenye nyumba ya kupanga huko Palm Springs, jangwani California, na kwa wiki chache tu wakatoka na umbo lisilofanana na gari lolote la Marekani: halina pua, halina nikeli za kumetameta, hewa linavutia chini ya bampa kama anayenusa sakafu. Bodi ni ya faiba. Mgeni mjanja aliyesikia habari za puti hutoa sumaku mfukoni aipime. Kwenye Avanti sumaku huanguka kila inapowekwa, naye huondoka akidhani gari zima limeoza. Usiwe yeye. Breki za diski za mbele zilikuja nalo wakati Wamarekani wengine hawazijali, na kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville lilivunja rekodi za mwendo. Tatizo likawa bodi zenyewe: zilizotoka kwa msambazaji huko Ohio hazikukaa sawa, kiwanda kikabaki kinarekebisha, na wateja waliokwisha weka oda wakachoka kusubiri. Yakatoka magari 4,643, basi. Katika yote niliyoyaona, hili peke yake ningelikubali hata kama lisingewaka kamwe.

Ukishakunywa kikombe cha pili utasikia swali lenyewe: nani aliiua Studebaker? Kuwa mwangalifu kama mtu anayeulizwa urithi wa jirani. Wapo wanaosema ni chama cha wafanyakazi, kwa kuwa South Bend ililipa mishahara mikubwa kuliko Detroit. Wapo wa 1953: kampuni ilitoa kupe (gari la milango miwili) nzuri ajabu, lakini chesisi ilikuwa nyepesi mno, injini ya V8 ilipokaa juu yake ikajipinda, bodi ya mbele ikakataa kufunga, tena ilitengeneza sedani nyingi ambazo watu hawakuzitaka na kupe chache ambazo waliziulizia. Wapo wanaowalaumu Ford na Chevrolet, waliopigana kwa bei mwaka 1953 na 1954 hadi wadogo wakakanyagwa kama nyasi. Na wapo wanaosema ni ndoa ya 1954 na kampuni ya magari ya Packard, ambapo kila upande ulidhani mwenzake ndiye mwenye pesa.

Itikia yote. Lakini kwa kuwa umeniuliza mimi, nasema ni mabwana wa ofisini. Kampuni ilikwisha anguka mara moja, Machi 1933, baada ya rais wake Albert Erskine kugawa gawio nono katikati ya mdororo mkuu wa uchumi kana kwamba neema imerudi. Julai mwaka huo alijiua. Ikafufuliwa. Vita vya pili vikaitajirisha: malori yake ya US6 yalikwenda Urusi kwa maelfu, hata roketi za Katyusha zikafungwa migongoni mwake. Baada ya vita pesa zilikuwapo na magari yaliuzika kabla ya kukauka rangi, nao wakarudia kuwatunza wenye hisa vizuri kuliko mitambo, katika kiwanda kizee ambacho vipande vya gari vilipanda na kushuka ghorofa kabla ya kuwa gari. Katika miaka ya mwisho, wakiwa hoi, walidhamini kipindi cha televisheni cha Mister Ed, farasi anayesema. Walianza na farasi, wakaagwa na farasi.

Kisha mzee atanyamaza, nawe nyamaza. Hapa hakuna mzaha, na ukiwa South Bend yenyewe usithubutu. Tangazo la kufunga kiwanda cha South Bend lilitoka tarehe 9 Desemba 1963, wiki mbili na ushei baada ya kuuawa kwa Kennedy. Gari la mwisho lilitoka mstarini tarehe 20, siku tano kabla ya Krismasi. Kulikuwa na wafanyakazi wapata 7,000. Mfuko wa pensheni ukaonekana hautoshi. Waliotimiza miaka 60 walilipwa haki yao yote. Watu kama 4,000 wa umri wa miaka 40 hadi 59, wenye utumishi wa miaka kumi na zaidi, walipata takriban senti 15 kwa kila dola waliyostahili. Waliobaki hawakupata kitu. Ilichukua hadi 1974 Bunge la Marekani kupitisha sheria ya kulinda pensheni za sekta binafsi, na wengi walioipigania waliitaja South Bend. Kwa hiyo jirani yako akikuambia baba yake alifunga milango ya magari kwa miaka kumi na nane, usimuulize alilipwa shilingi ngapi. Mwombe akuonyeshe jinsi mlango unavyofunga. Ataufunga mara mbili.

Shimo la mwisho ni la madhehebu. Baada ya South Bend, kampuni iliendelea kule Hamilton, Kanada, kwa miaka miwili na kidogo, na kwa kuwa kiwanda cha injini cha nyumbani kilikwisha fungwa, magari ya 1965 na 1966 yalifungwa injini zenye asili ya Chevrolet. Je, hilo ni Studebaker? Kuna wanaosema ndiyo, kuna wanaosema ni mtoto wa kambo, na kuna wanaokataa hata kuliegesha karibu. Halafu wako wenye Avanti II, iliyoundwa kwa mkono South Bend na mawakala wawili wa zamani kuanzia 1965, bodi ileile, injini ya Corvette. Ukiulizwa msimamo wako, sema wewe ni mgeni.

Utaulizwa pia kama unataka kununua. "Hapana" maana yake hutaalikwa tena. "Ndiyo" maana yake umelipata, na mkeo hajui. Ukishindwa kujizuia, achana na kupe za 1953 na za paa la kuteleza. Tafuta Lark ya 1960 au 1962, milango minne, V8, iliyokaa maisha yake yote Arizona au California kusikomwagwa chumvi. Vipuri vipo, kiwanda kiliacha maghala yaliyojaa, na mpaka leo unaweza kuuziwa kipuri kipya kikiwa katika boksi lake la zamani. Lipia pesa taslimu, nenda mchana, likague, ukanyage klachi mpaka sakafuni. Na beba sumaku.